Jinsi ya Kuendesha Kikao cha Kusoma Michoro ya Daumier Kuhusu Maisha ya Nyumbani

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kukusanya watu kumi au kumi na watano jijini Mwanza, iwe katika darasa la shule kule Nyakato, ukumbi wa parokia Kirumba au barazani kwa jirani, ili wasome pamoja michoro ya tashtiti iliyochapwa Paris katika karne ya 19 kuhusu mume, mke, watoto na mambo yao ya ndani. Wachoraji wa mambo hayo walikuwa wengi, lakini hapa namshughulikia zaidi Honoré Daumier, na sababu ni ya kivitendo: mchoro wake huzungumza hata maandishi yake yakifunikwa, na kikao nitakachoeleza kimejengwa juu ya kufunika maandishi.

Mambo ya kujua kabla ya kuita watu

Daumier alizaliwa Marseille mwaka 1808 na kufariki mwaka 1879. Aliacha litografia, yaani chapa za michoro iliyochorwa juu ya jiwe, takriban 4,000, nyingi zikiwa zimechapishwa katika Le Charivari, gazeti la kila siku lililoanzishwa Paris na Charles Philipon mwezi Desemba 1832. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya siasa za wazi. Mchoro wake uitwao Gargantua ulimwonyesha Mfalme Louis-Philippe kama jitu lililoketi huku vikapu vya fedha za wananchi vikipandishwa juu ya ubao mrefu na kumwagwa kinywani mwake, na kwa mchoro huo alihukumiwa kifungo cha miezi sita.

Julai 1835 mfalme alinusurika kuuawa, na mwezi Septemba ikatungwa sheria iliyolazimu kila mchoro upate kibali cha serikali kabla ya kuchapishwa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Anayeongoza kikao hana budi kulielewa jambo hili vizuri kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini wachoraji waligeukia sebule, chumba cha kulala na jiko. Wako wanaosema kwamba michoro ya nyumbani ni ile ya kupumzikia, kazi nyepesi ya mtu aliyezibwa mdomo. Mimi sikubaliani nao, kwani mtu aliyezoea kumchora mfalme akimeza kodi hawezi kuusahau mkono wake anapomchora baba akigawa nyama mezani.

Wasomaji wa gazeti hilo walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa tabaka lile lile lililochorwa, yaani wenye maduka, mawakili, makarani wa serikali na wenye nyumba za kupangisha. Wakati huo kura ilikuwa ya wanaume waliolipa kodi ya moja kwa moja isiyopungua faranga 200 kwa mwaka, hivyo wengi wao walikuwa na samani nzuri, saa ya ukutani na msichana wa kazi, lakini hawakuwa na sauti katika kuchagua wabunge. Ubwana wao uliishia mlangoni mwa nyumba. Ukiligusia hilo mwanzoni kwa sentensi mbili tu, washiriki wataelewa kwa nini wanaume wa Daumier hufura sana wakiwa wamevaa kofia ya kulalia.

Inafaa pia kueleza jinsi chapa hizi zilivyotengenezwa, maana bila hivyo watu hudhani kwamba wanatazama michoro ya kalamu. Litografia iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, nayo hutegemea ukweli kwamba mafuta na maji havipatani. Mchoraji huchora kwa krayoni yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi likawa laini na bapa, kisha jiwe hupakwa mchanganyiko wa gundi ya mgunga na asidi kidogo ili sehemu zilizo wazi zipende maji na zile zilizochorwa zipende mafuta. Baada ya hapo jiwe hulowanishwa, wino wa mafuta hupitishwa kwa rola na kushika mahali palipochorwa tu, na karatasi hukandamizwa juu yake. Mtu atakuuliza kama mawe yetu ya Mwanza yangefaa, na jibu ni kwamba hayafai: haya yanayobeba nyumba zetu vilimani ni graniti, yenye chembe kubwa na ngumu, wakati jiwe la Solnhofen lililotumiwa na wachapaji wa Ulaya ni chokaa yenye chembe ndogo mno inayonyonya mafuta na maji kwa usawa. Ukitaka kulionyesha jambo hili mezani, chora mstari kwa mshumaa juu ya karatasi nyeupe, kisha pitisha brashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji. Wino utaukimbia mstari huo. Kwenye jiwe mambo yamegeuzwa kidogo, kwa kuwa kinachokimbia mafuta ni maji na wino wenyewe huyafuata mafuta, lakini ugomvi ni ule ule.

Kuna tokeo moja la njia hii ambalo litakusaidia baadaye. Picha hutoka kwenye jiwe ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto, kama ionekanavyo kwenye kioo. Basi mshiriki akikuambia kwamba mwanamke fulani anaandika kwa mkono wa kushoto na kwamba lazima hilo lina maana, mkumbushe jiwe kabla hajaenda mbali.

Kupata michoro na kuichapa

Hakimiliki ya kazi za Daumier imekwisha muda mrefu, kwa hiyo huna haja ya kuomba ruhusa ya mrithi yeyote. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina tovuti iitwayo Gallica ambako matoleo ya Le Charivari yanaweza kusomwa ukurasa kwa ukurasa, na Chuo Kikuu cha Brandeis cha Marekani nacho kimeweka mtandaoni mkusanyo mkubwa wa litografia za Daumier. Njia rahisi ya kutafuta ni kwa namba ya Loys Delteil, aliyeorodhesha kazi hizo zote mwanzoni mwa karne ya 20. Namba hiyo huandikwa ikitanguliwa na herufi LD, na ukiwa nayo hutapotea hata kama hujui Kifaransa.

Pakua faili kubwa kadiri uwezavyo, ulitie kwenye flashi na ulipeleke steshenari likachapwe kwenye karatasi ya A3, kwa rangi nyeusi tu. Hapa inabidi usimame karibu na kijana wa kompyuta. Nakala nyingi zilizohifadhiwa zilikatwa kutoka kwenye gazeti lenyewe, na maandishi ya upande wa pili hupenya na kuonekana kama kivuli nyuma ya picha. Kijana mwenye nia njema ataona ni uchafu na kuusafisha kwa kuongeza mwanga, na hapo rangi zote za kijivu ambazo Daumier alizipata kwa kulaza krayoni juu ya jiwe zitatoweka. Mwambie auache uchafu ulivyo. Kivuli hicho kina faida pia, kwa sababu kinawaonyesha washiriki kwamba picha hii ilikuwa sehemu ya gazeti la siku moja, lililosomwa na kutupwa au kufungiwa vitu.

Chapa nakala nne za kila mchoro ili watu watatu au wanne watazame karatasi moja. Projekta inavutia, ila umeme wetu hauna mkataba na kikao chako, na zaidi ya hayo mtu akitazama ukuta kwa mbali haoni kifungo kilichokatika. Anza saa tisa alasiri, karibu na dirisha.

Kisha soma pembe za karatasi kabla ya siku yenyewe. Juu katikati huwa pameandikwa jina la mfululizo, na juu pembeni namba ya mchoro ndani ya mfululizo huo. Chini kuna jina la duka la Aubert, lililouza chapa hizi, na mahali fulani ndani ya picha, mara nyingi kwenye mguu wa kiti au kona ya sakafu, kuna herufi h.D., ambazo ni sahihi ya mchoraji. Maneno marefu yaliyo chini kabisa ndiyo maandishi ya mchoro, na hayo utayafunika kwa ukanda wa karatasi ulioshikizwa kwa klipu.

Michoro ya kuanzia

Mifululizo inayohusu familia ni mingi. Upo Mœurs conjugales, wenye michoro 60 ya maisha ya ndoa iliyotoka kati ya 1839 na 1842. Les Bas-bleus, wenye michoro 40 ya mwaka 1844 inayowacheka wanawake waandishi. Les Papas, kuhusu akina baba na watoto wao. Les Bons Bourgeois, kuhusu watu wa tabaka la kati. Na Locataires et propriétaires wa wapangaji na wenye nyumba. Kwa kikao cha kwanza michoro miwili inatosha, na saa mbili zitakwisha bila kujua. Pia yupo Gavarni, ambaye mfululizo wake Les Enfants terribles unawaonyesha watoto wakimwaga siri za wazazi mbele ya wageni. Ni mchoraji mzuri, lakini alijiandikia maneno yake mwenyewe na mara nyingi utamu wote uko humo. Ukiyafunika unabaki na watu waliovaa vizuri, wamesimama sebuleni. Mwache kwa ajili ya kundi lililokwisha kuzoea.

Katika kazi za Daumier mambo ni tofauti. Maneno ya chini kwa kawaida hayakuwa yake. Yaliandikwa na watu wa ofisi ya gazeti, Philipon akiwamo. Picha ina mkono mmoja na maneno yana mkono mwingine, na mikono hiyo miwili haivuti upande mmoja kila mara. Kazi yako kama kiongozi wa kikao ni kuwasaidia watu kuona pale ambapo picha inasema jambo na maneno yanasema jambo jingine.

Kikao chenyewe

Gawa karatasi za mchoro wa kwanza, maneno yakiwa yamefunikwa, na uombe dakika tano za kutazama bila kuzungumza. Dakika tano ni ndefu kwa watu waliozoea kupitisha kidole kwenye simu, na wengine wataanza kukohoa katika dakika ya pili, wavumilie. Kisha muulize mmoja mmoja anachokiona, ukianza na wazee kwa heshima yao, lakini usikubali maelezo ya maana bado. Akisema “naona mama mzembe,” mwombe kwa upole: “Shikamoo mama, hebu tuonyeshe kwanza macho yako yameona nini hadi ukasema mzembe.”

Mchoro wa kwanza uwe ule wa saba wa Les Bas-bleus. Mwanamke ameinamia meza yake akiandika, mgongo wake umempa mtoto kisogo, na mtoto ametumbukia kichwa chini ndani ya chombo cha kuogea, miguu ikiwa juu. Wape watu nafasi ya kucheka, kwa sababu mchoro unachekesha. Baadaye waelekeze kwenye mistari: jinsi mgongo wa mama ulivyokunjwa na kalamu, na jinsi miguu ile miwili ilivyo kitu pekee chumbani chenye haraka. Mwulize kila mmoja ni nani mwingine alipaswa kuwa katika chumba hiki. Mwanzoni watu hawaelewi swali, halafu mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, huuliza kwa sauti ya chini, “Kwani baba yake yuko wapi?”

Sasa ondoa ukanda na usome maneno kwa Kiswahili: “Mama yumo katika moto wa utunzi, mtoto yumo katika maji ya beseni!” Maneno yanacheza na moto na maji, na lawama yote yanamtwika mwanamke anayeandika. Picha haikusema hivyo peke yake. Picha ilionyesha chumba chenye mtu mzima mmoja, kazi mbili zinazofanyika kwa wakati mmoja na mtoto mmoja. Hapa ndipo unapoweza kuleta Kanuni ya Sheria za Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo katika kifungu cha 213 ilisema kwamba mume anawajibika kumlinda mkewe na mke anawajibika kumtii mumewe. Waulize washiriki kama wanaiona sheria hiyo chumbani. Usiwafiche kwamba mfululizo mzima wa Les Bas-bleus ni mkali kwa wanawake kupita haki, na kwamba Daumier hakulazimishwa kuchora michoro 40 ya namna hiyo. Wakati huo huo usiruhusu kikao kigeuke mahakama ya kumhukumu marehemu. Swali la nani anacheka, kwa gharama ya nani, linatosha.

Watu wengi hapa wamekulia katika utani, wa makabila na wa babu na wajukuu, na wanajua bila kufundishwa kwamba mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo mtu baki akilisema huzua ugomvi. Tumia ujuzi huo. Waulize kama mchoraji huyu ni mtani wa huyu mama au ni mtu baki aliyechungulia dirishani, na uache wabishane. Nimeona kwamba swali hili huzaa mazungumzo mazuri kuliko maswali yote ya sanaa yaliyoandikwa vitabuni.

Mchoro wa pili uwe wa sita katika Mœurs conjugales, wa mwaka 1839. Mume ana suruali iliyofumuka, mke ana kitabu. Fuata utaratibu ule ule, lakini hapa kaa zaidi kwenye suruali yenyewe. Suruali za kiungwana za wakati huo zilikuwa na vitanzi vilivyopita chini ya kiatu ili kitambaa kikae kimenyooka, na vitanzi hivyo vilifumuka mara kwa mara. Mwanamume ambaye vitanzi vyake vimefumuka hawezi kutoka nje akaonekana mtu wa maana. Washiriki wenye mafundi cherehani katika familia watalichangamkia jambo hili kuliko unavyotarajia.

Ukiondoa ukanda utakuta mume akipiga kelele kwamba hamjali hata kidogo huyo Madame Sand, ambaye anawazuia wanawake kushona suruali za waume zao na ndiye sababu ya vitanzi kufumuka, na kwamba ama talaka irudishwe, ama mwandishi huyo afutwe. Eleza kwamba George Sand lilikuwa jina la kalamu la Aurore Dupin, mwandishi wa riwaya aliyetengana kisheria na mumewe mwaka 1836. Halafu eleza jambo ambalo bila hilo mchoro hauchekeshi nusu yake: talaka ilifutwa Ufaransa mwaka 1816 na haikurudi hadi 1884. Mume huyu, akiwa na suruali yake mkononi, anatishia kwa silaha ambayo sheria ya nchi yake haina. Msomaji wa mwaka 1839 alilijua hilo papo hapo. Dhihaka iliyoonekana kumlenga mke msomaji na mwandishi wa riwaya inageuka na kumpata mume, ambaye njia pekee iliyobaki ni kutafuta sindano.

Kwenye mchoro huu washiriki wataleta wenyewe mambo ya hapa kwetu, na waache walete. Mtu atataja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na mabaraza ya usuluhishi ambako mgogoro wa ndoa hupelekwa kwanza kabla ya kufika mahakamani, na mwingine atasimulia ya shemeji yake. Hapo weka sharti moja mapema: kisa kisimuliwe bila jina wala mtaa. Mwanza inaonekana jiji kubwa mpaka uanze kumsema mtu. Kwa sababu hiyo hiyo usimpange mkwe na mama mkwe wake kwenye karatasi moja. Mchoro wenye kofia za kulalia na vitanda utawatia aibu na wote wawili watakaa kimya.

Kabla hujakusanya karatasi, rudisha macho ya watu pembeni mwa picha. Katika michoro mingi ya mifululizo hii yumo mtu asiyetajwa na maneno ya chini: msichana wa kazi anayepita na sahani, mlinzi wa mlango, mtoto mdogo zaidi. Wanaoishi na dada wa kazi huwa wa mwisho kumwona.

Kuandika maneno mapya

Nusu saa ya mwisho itumike kwa kuandika. Kila kikundi kibaki na mchoro wake, kifunike tena maneno ya Kifaransa na kutunga maneno yake kwa Kiswahili. Masharti ni machache: aseme mtu mmoja tu kati ya waliomo pichani, asieleze kinachoonekana, na amwite mwenzake kwa jina ambalo angemwita nyumbani kweli, yaani Baba Fulani, mama watoto, mzee, shemeji, wifi. Sharti la pili ndilo gumu zaidi. Watu hupenda kuandika “Mama anaandika wakati mtoto anazama,” na hilo jicho limekwisha kulisema. Maneno mazuri huongeza lile lisiloonekana. Kwa mchoro wa kwanza, kwa mfano, mtoto anaweza kusema akiwa majini: “Mama, ukifika kwenye nukta niinue.” Kwa ule wa pili mume anaweza kuuliza: “Mama watoto, sindano iko ukurasa wa ngapi?” Toa mifano hiyo baada ya wao kumaliza, usiitoe mapema, la sivyo watakuigiza.

Wakisoma kazi zao kwa sauti, linganisha zile zilizompa mwanamke neno na zile zilizompa mwanamume, kwa kuwa picha ni ile ile na kicheko kimehamia kwa mtu mwingine. Vikundi vyenye wapangaji wengi vipewe mchoro mmoja wa Locataires et propriétaires. Mazungumzo ya mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo yatajiandika yenyewe, na hutahitaji kueleza chochote kuhusu Paris.

Kama kundi linataka kuendelea, kikao cha pili kiendelee na suala la talaka. Mwaka 1848, baada ya mfalme kuondolewa, waziri wa sheria Adolphe Crémieux alipendekeza talaka irudishwe, na Daumier akachora Les Divorceuses, michoro sita inayowacheka wanawake waliounga mkono wazo hilo. Pendekezo lilishindwa. Iweke kando ya ile suruali ya 1839 na uwaulize washiriki kama mchoraji ni yule yule aliyemcheka mume. Cha tatu kiwe chepesi zaidi: La Journée du célibataire, michoro 12 ya mwaka 1839 inayomfuata kapera aitwaye Coquelet kuanzia asubuhi hadi usiku, akiwa na mbwa na paka wake. Ichape yote, uifunike maneno, uipange ukutani kwa mchanganyiko, na uwaombe watu waipange upya kwa saa za siku kabla ya kufunua hata mmoja.